Kemikali za Plastiki na Ubongo wa Mtoto Aliye Tumboni

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuhusu kemikali za plastiki ni wakati zinapomfikia mtoto. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, ubongo wake hukua kwa kutegemea homoni za thairoidi za mama, kwa kuwa tezi yake mwenyewe ya thairoidi, ile ya shingoni inayotengeneza homoni hizo, haijakomaa. Thaleti, ambazo hulainisha plastiki na kudumisha harufu ya vipodozi, pamoja na bisfenoli A, inayotumika kutengeneza plastiki ngumu, huvuka kondo la nyuma na zinaweza kuvuruga kazi ya homoni.

Mwaka 2018, watafiti waliofuatilia wajawazito na watoto wao nchini Sweden na Marekani walichapisha matokeo yanayohusisha baadhi ya thaleti na kuchelewa kwa lugha. Huo si uthibitisho kamili wa chanzo, kwani thaleti hutoka mwilini upesi, na kipimo kimoja cha mkojo wa mama hakiwezi kueleza kiasi kilichomfikia mtoto kwa miezi yote tisa.

Kuepuka kupasha chakula moto ndani ya plastiki husaidia. Hata hivyo, si haki kumwachia mjamzito mzigo huu peke yake, ilhali kemikali hizi mara nyingi hazitajwi kwenye lebo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bisfenoli A katika chupa za watoto wachanga mwaka 2011, lakini katika bidhaa nyingine baadhi ya watengenezaji waliibadilisha kwa bisfenoli S, ambayo muundo wake unakaribiana nayo mno. Ndiyo maana naona kemikali hizi zinapaswa kudhibitiwa kwa makundi ya kemikali zinazofanana, si moja moja, kabla hazijaingia sokoni.