Kwa Treni Hadi Plymouth, Kumfuata Jack Leslie

Nilianzia Canning Town, mashariki ya London, alikozaliwa mwaka 1901 Jack Leslie, mshambuliaji wa klabu ya mpira ya Plymouth Argyle, baba Mjamaika na mama Mwingereza. Kutoka hapo unapanda treni ya chini ya ardhi ya Jubilee hadi Bond Street, unabadilisha, na kituo kimoja mbele uko Paddington, kilipo kituo cha treni za Plymouth tangu enzi zake. Ukiingia behewani, tafuta kiti cha upande wa kushoto. Faida yake utaiona baada ya Exeter.

Safari huchukua saa tatu na ushei. Mwaka 1927 treni ya kasi iliimaliza kwa saa nne, kwa hiyo taabu ya wachezaji wa Plymouth Argyle haikuwa mwendo, ilikuwa umbali: zaidi ya maili 225, yaani kilomita 360 na kitu. Daraja la Tatu la ligi, walikocheza Argyle, liligawanywa Kusini na Kaskazini mwaka 1921 ili klabu ndogo zisimalizwe na nauli, ila mgawanyo huo haukuisaidia sana timu iliyo pembezoni kabisa mwa nchi. Jirani wa kweli alikuwa Exeter City peke yake, hadi Torquay United ilipoingia ligi mwaka 1927. Mechi ya Norwich ilimaanisha kushuka Paddington, kuvuka jiji zima na mizigo hadi Liverpool Street, kisha kupanda treni nyingine. Na mechi za ligi zilikuwa 42 kwa msimu, nusu yake ugenini.

Leslie alisajiliwa mwaka huohuo wa 1921 akitokea Barking. Alicheza ndani kushoto, namba 10 kwa lugha yetu, ingawa ligi haikulazimisha namba za jezi mpaka 1939. Winga wake alikuwa Sammy Black, na kwa miaka mingi mabeki wa Kusini hawakupata dawa ya wawili hao.

Baada ya Exeter reli hushuka mtoni, kisha ikatambaa ukingoni mwa bahari. Pale Dawlish maji yako chini ya dirisha lako la kushoto. Ukuta unaoikinga reli na bahari hapa ulivunjwa na dhoruba Februari 2014, reli ikabaki inaning'inia, kwa hiyo majira ya baridi angalia ratiba kabla hujakata tiketi. Mbele ya Newton Abbot inakuja miinuko ya Dainton na Rattery. Zama za mvuke, treni nzito iliongezewa kichwa cha pili ili ipande.

Kupanda daraja kulikuwa kugumu kuliko Dainton. Timu moja tu ndiyo iliyopanda kutoka Kusini kila mwaka, na Argyle walimaliza wa pili misimu sita mfululizo, kuanzia 1921-22 hadi 1926-27. Msimu wa kwanza kati ya hiyo walilingana na Southampton kwa alama, 61 kwa 61. Siku hizo haikutazamwa tofauti ya mabao. Uligawa mabao ya kufunga kwa ya kufungwa, na hesabu hiyo humpendelea mwenye ngome ngumu: Southampton walikuwa wamefungwa 21 tu. Argyle walipanda mwaka 1930, kwa alama 68, wakati ushindi ulikuwa na alama mbili.

Kwa nini mchezaji hodari asihame? Tangu 1922 mshahara ulikuwa na kikomo, pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu na pauni 6 kiangazi, kwa klabu zote, kubwa na ndogo. Tena klabu ikikuweka kwenye orodha ya inaowabakiza, hukuruhusiwa kuchezea timu nyingine ya ligi, hata mkataba ukiwa umekwisha.

Kutoka stesheni ya Plymouth hadi Home Park, uwanja wa Argyle, ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu, kupitia bustani ya Central Park. Jukwaa la 1930 hutalikuta, liliangamizwa na mabomu ya 1941. Nje ya uwanja ipo sanamu ya Leslie, iliyozinduliwa Oktoba 2022. Mwaka 1925 aliitwa timu ya taifa kucheza na Ireland mjini Belfast, kisha jina likaondolewa. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba wateuzi walikuja kumtazama sura, si mpira, yaani waligundua kuwa ni mweusi. Tarehe 24 Oktoba Uingereza walitoka 0-0 Belfast, na siku hiyohiyo Leslie akafunga mawili Argyle walipoichapa Bournemouth 7-2. Kofia yake ya heshima, ile apewayo mchezaji wa timu ya taifa, ilitolewa Wembley Machi 2023, miaka 34 baada ya kifo chake. Siwezi kuisifu sana, ilichelewa mno.

Alifunga mabao 137 katika mechi kama 400. Kilichommaliza ni jicho. Mpira wa ngozi ulifungwa mdomo kwa kamba, nao ulinyonya maji: gramu 368 hadi 425 za kanuni zilikuwa za mpira mkavu kabla ya mechi. Ukiupiga kichwa upande wa kamba unachanika, na wachezaji wa akiba hawakuwapo. Kamba hiyo ndiyo iliyomjeruhi jicho.

Uzeeni alisafisha viatu vya wachezaji wa West Ham, karibu na alikozaliwa. Uwanja wao wa Upton Park umeshavunjwa na kujengwa nyumba za kuishi, kwa hiyo ukirudi London hapana haja ya kwenda kuutafuta.