Nilivyounda F-16 ya manowari ambayo haikuwahi kuwapo

Tarehe 2 Mei 1975 Jeshi la Majini la Marekani lilichagua ndege ya kivita iliyotokana na YF-17, ndege ya majaribio ya kampuni ya Northrop, ile iliyokuja kuitwa F/A-18 Hornet. Iliyoachwa ni ndege ya kivita F-16 ya kurukia kwenye manowari, yaani meli ya kubeba ndege, pendekezo la kampuni ya Vought kwa kushirikiana na General Dynamics. Modeli yangu inaanzia hapo: tuseme uamuzi ulikwenda upande wa pili, na mwaka 1980 kikosi cha VF-161 kimepanda nayo USS Midway, meli iliyokuwa ndogo mno kwa ndege kubwa ya kivita F-14. Sikunakili michoro ya Vought. Nilibuni ndege yangu kwa skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli, nikajifunga kwa sharti moja: kila ninachobadilisha kwenye F-16 kijibu swali ambalo meli ingeuliza. Kubandika kulabu ya kunasia nyaya za sitaha na neno NAVY hakutoshi, kwa sababu anayezijua ndege za manowari hutazama kwanza mguu wa mbele.

Swali la kwanza ni bawa. Ndege inayotua kwenye sitaha lazima ije polepole, na bawa la F-16 ni dogo kwa kazi hiyo. Badala ya kuchonga bawa jipya, nilianza na seti ya plastiki ya kuunganisha ya ndege ya Kijapani Mitsubishi F-2A, kutoka kampuni ya Hasegawa. F-2 imezaliwa na F-16, ila eneo la bawa lake ni kubwa kwa asilimia 25 na mkia wa ulalo umeongezwa pia. Kwa 1/72 unapata upana wa milimita 154 pamoja na reli za makombora, na urefu wa milimita 216. Shida ni umri, maana F-2 iliruka mara ya kwanza mwaka 1995. Kila kinachotangaza miaka ya tisini lazima kitoke.

Kilichotoka kwanza ni ekzosi. F-2 inatumia injini ya F110. Ya mwaka 1980 ingekuwa F100. Nilichukua ekzosi ya F100 kutoka mabaki ya seti ya F-16A, nikazungusha ukanda wa plastiki wa milimita 0.5 ndani ya mwisho wa kiwiliwili ili isicheze. Kisha nikakata kijisanduku cha parashuti chini ya mkia wa wima, kwa sababu ndege ya manowari inasimamishwa na nyaya za sitaha, haihitaji parashuti. Kioo cha mbele chenye fremu nilikiacha. F-16 haina fremu hiyo, lakini kifuniko cha F-16 hakikai kwenye mwili wa F-2 bila kujaza puti pande zote, na puti karibu na kioo ni mwaliko wa mikwaruzo.

Sasa mguu wa mbele, ambao ndio moyo wa kazi. Mguu wa F-16 una gurudumu moja la inchi 18, ambalo kwa 1/72 ni milimita 6.4. Manati ya mvuke, mtambo wa kurusha ndege kutoka sitahani, huvuta ndege kwa upau uliofungwa kwenye mguu huo, kwa hiyo mguu wenyewe unabeba nguvu yote ya kurushwa. Hornet ina magurudumu mawili ya inchi 22 mbele, yaani milimita 7.8 kila moja, na unene wa milimita 2.3. Nilitumia mguu wa Hornet kutoka seti nyingine, nikaufupisha milimita 2 kwa kukata katikati ya silinda ya juu. Mahali pa kuunganisha nilitoboa tundu la milimita 0.6 pande zote mbili na kupitisha waya wa shaba. Gundi peke yake haitashika hapo: sehemu ya uzito wa modeli hukaa kwenye kiungo hicho, na siku ya joto mguu utainama taratibu bila wewe kujua.

Magurudumu mawili na mguu katikati huhitaji nafasi ya karibu milimita 7, na shimo la F-16 ni jembamba. Huwezi kulipanua kwenda juu, kwa sababu juu yake kuna njia ya hewa ya injini. Nilipanua kingo kwa milimita 1 kila upande kwa patasi ndogo, kisha nikatengeneza milango yenye kitumbo: karatasi ya plastiki ya milimita 0.4, ikapashwa moto juu ya mshumaa na kukandamizwa kwenye mgongo wa kijiko cha chai. Upau wa manati ni plastiki ya milimita 0.8 kwa 1.5, urefu milimita 9, ukielekea mbele. Nyuma ya mguu niliweka kipande kifupi cha kushikia ndege kabla manati haijafyatuliwa. Watu wengi hukisahau, na bila hicho manati haiwezi kutumika.

Miguu mikuu nilibakiza umbo lake nikaongeza unene. Ndege ya nchi kavu husanifiwa kustahimili kushuka kwa takriban mita 3 kwa sekunde. Ya manowari hudaiwa zaidi ya mita 6. Kila mguu niliuvisha kijibomba cha shaba cha milimita 1, na magurudumu yake nikayabadilisha na ya Hornet ya inchi 30, yaani milimita 10.6. Tairi hizo ni nene milimita 4 na mlango wa F-16 haufungiki juu yake, kwa hiyo kitumbo kikahitajika tena. Kwa jumla ndege ikanyanyuka milimita 1.5 kutoka chini. Kitu kidogo, lakini ndicho kinachoipa sura ya kusimama imara.

Hapo ndipo kulabu inapoingia, na hapa nilikosea mara ya kwanza. F-16 ya kawaida tayari ina kulabu nyembamba ya dharura kwa ajili ya nyaya za uwanja wa ndege. Niliinenepesha tu, nikaigandisha. Baadaye nikachora ubavu wa ndege kwenye karatasi kwa ukubwa wa modeli, nikauinamisha nyuzi 8, pembe ambayo Hornet hutumia kujia meli. Kulabu yangu iliyoshushwa ilipita chini ya magurudumu kwa milimita 2 tu, kumaanisha ndege ingegusa sitaha bila kunasa waya. Nilitengeneza nyingine ya milimita 29 kutoka waya wa chuma wa milimita 1.2, ncha yake ikiwa kipande cha plastiki kilichochongwa kama kwato. Jaribio la karatasi lifanye kabla ya kugandisha chochote. Lilinionyesha pia kwamba mapezi mawili ya chini ya mkia yangekwaruza sitaha, nikayafupisha kwa theluthi moja.

Kukunja mabawa kuna hesabu yake. Hornet ikikunjwa ina upana wa mita 8.38, na nilitaka yangu isizidi hapo. Kwa 1/72 ni milimita 116, yaani milimita 58 kutoka mstari wa kati kila upande. Bahati nzuri kibawa cha nyuma kinachosogea huishia kabla ya hapo, hivyo mkato unapita kwenye kibawa cha mbele peke yake. Nilibandika utepe wa kuongozea, nikachora mstari kwa ncha ya kisu mara kumi hivi juu na chini, ndipo nikaingiza msumeno mwembamba. Ukianza na msumeno moja kwa moja utateleza na kukata paneli ya jirani. Msumeno hula karibu milimita 0.3, rudisha upotevu huo kwa plastiki ya milimita 0.15 kila uso, la sivyo bawa moja litakuwa fupi kuliko jingine. Meno ya bawaba ni vipande vya milimita 1, vitano kila upande, na pini yake waya wa milimita 0.5. Bawa mahali hapo lina unene usiofika milimita 2, kwa hiyo pini nene kuliko hiyo itapasua plastiki.

Kuna jambo moja ambalo modeli nyingi za aina hii hulikosa: mafuta. F-16 hujazwa mafuta angani kwa bomba linaloshushwa kutoka ndege ya Jeshi la Anga na kuingia tundu la mgongoni. Ndege za Jeshi la Majini zina mkono wao wenyewe unaochomeka kwenye kikapu kinachoburutwa na ndege ya mafuta, wakati huo KA-6D. Nikaziba tundu la mgongoni, na ubavuni kulia, mbele ya rubani, nikachora mlango wa milimita 22 kwa 3. Mkono umo ndani, umefungwa. Mistari minne tu, na ndege inabadilika uraia.

Kujaza nyufa nilitumia gundi ya supa iliyochanganywa na poda ya mtoto, nusu kwa nusu. Haisinyai kama puti ya magari, na mistari ya paneli huchoreka juu yake bila kumeguka. Ipige msasa ndani ya saa moja au mbili. Ukiiacha hadi kesho inakuwa ngumu kuliko plastiki, na msasa utakula plastiki ya pembeni ukiacha kilima. Namba 400, 600 halafu 1000, zote na maji. Vaa barakoa.

Rangi nilizochagua ni kijivu hafifu FS 16440 juu na nyeupe FS 17875 chini (FS ni namba za rangi za kiwango cha serikali ya Marekani), kwa rangi za chapa ya Mr. Color ni 315 na 316. Anza na nyeupe. Nilizimua sehemu moja ya rangi kwa mbili za thina, mgandamizo wa bar 1, tabaka nne nyembamba juu ya praima ya kijivu. Ukitaka ifunike kwa mara moja itajikusanya kwenye pembe za mdomo wa hewa. Huku pwani, asubuhi baada ya mvua, rangi za thina kali hufifia na kuwa kama zimepakwa ukungu, kwa sababu thina ikikauka haraka hupoza uso na kuvuta unyevu wa hewa. Nilisubiri saa saba mchana na kutumia thina yenye kichelewesha ukaukaji. Mpaka wa rangi mbili niliuziba kwa utepe ulioinuliwa milimita 1 juu ya vipande vya gundi laini ya kubandikia picha ukutani, ili ukingo uwe laini kidogo. Usisahau kwamba katika mpango huu wa rangi sehemu zinazosogea, vibawa vya nyuma na usukani, ni nyeupe hata kwa juu. Bila hivyo modeli inaonekana kama ndege ya Jeshi la Anga iliyopotea njia. Kingo za milango ya magurudumu ni nyekundu, namba 327, na kwenye mguu wa mbele niliweka nukta tatu, nyekundu, njano na kijani, za taa anazotazama afisa anayeongoza ndege kutua.

Dekali, yaani alama za kubandika kwa maji, zilitoka kwenye karatasi ya zamani ya ndege ya F-4: herufi NF za Midway na namba 107. Dekali za miaka mingi hupasuka zikigusa maji, kwa hiyo chovya kwanza moja usiyoihitaji. Yangu ilivunjika vipande vitatu. Nilipuliza karatasi nzima varnishi ya kung'aa, nikaacha ikauke siku mbili, kisha nikakata kila alama kwa kufuata ukingo wake kabisa, kwa sababu sasa utando ulikuwa umeshika karatasi yote. Nyota ya Marekani iko bawa la kushoto kwa juu na la kulia kwa chini, mbali na mkato wa kukunjia.

Makombora mawili ya Sparrow, milimita 51 kila moja, yako chini ya mabawa. F-16A za mwanzo hazikuweza kuyarusha, ila ya manowari ingelazimika kuyabeba, na pua ya F-2 ni pana vya kutosha kwa rada ya kuyaongoza. Sidewinder, makombora madogo ya nchani mwa mabawa, milimita 40, niliziacha nje ya modeli: mabawa yakiwa yamekunjwa juu sitahani, wahudumu wasingefika kuzifunga.