Mshumaa wa siagi wa kulia mkate

Mshumaa wa siagi ukiwaka katikati ya meza, watu wakichovya mkate kwenye siagi inayoteremka sahanini, ni kitu kizuri kwelikweli na wala si kazi ngumu. Mingi inayoharibika chanzo chake ni utambi. Watu hujishughulisha na viungo, halafu wanachomeka uzi wowote walioukuta kwenye droo ya jikoni. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Utambi uwe wa pamba tupu, usiotiwa rangi. Uzi mweupe wa kufungia nyama unafaa. Ukiwa na shaka, choma ncha yake. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Uzi wenye nailoni hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu, na kidonge hicho kitaishia kwenye chakula cha watu. Tambi za mishumaa za dukani zenye waya ndani au kibati chini ziache. Mishumaa ya keki nayo iache, maana nta yake yenye rangi itachuruzikia kwenye siagi.

Unene unaotakiwa ni kama wa njiti ya kiberiti. Uzi ukiwa mwembamba, suka nyuzi tatu ziwe moja. Kata sentimita 15. Yeyusha vijiko viwili vya nta safi ya nyuki (wauza asali wa Tabora wanayo) kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto. Isiwekwe juu ya moto wenyewe. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi. Tumbukiza uzi na uutazame: vipovu vidogo vidogo vitapanda, hiyo ni hewa inayotoka kwenye pamba. Vikikoma, utoe, uvute unyooke, uulaze kwenye karatasi mpaka ugande. Nta inausimamisha uzi, na pia inauzuia usinywe maji ya siagi.

Naam, siagi ina maji. Siagi halisi ya maziwa ni mafuta kwa asilimia 80 na kidogo, maji kama asilimia 16, na yaliyobaki ni chembe za maziwa. Utambi mkavu ukinywa hayo maji, mwali hutatarika, hurusha vitone, kisha huzimika. Majarini ya kopo usiijaribu hapa, hata kama nyumbani mnaiita siagi. Ile laini ya kupaka haisimami.

Chukua gramu 200 za siagi isiyo na chumvi. Iache nje mpaka kidole kikiibonyeza kiache shimo lakini kipande bado kina umbo lake. Dar au Mombasa hiyo ni kama dakika 20 tu, basi usiende mbali. Usiiyeyushe ukaimimina. Ikiyeyuka, maji na chembe za maziwa hushuka chini, na ukigeuza chombo cha kugandishia ili uutoe mshumaa, chini ndiko kunakuwa juu, pale pale utakapowasha. Usiipige na mashine pia. Hewa ikijaa ndani, mshumaa unabomoka upesi.

Kikombe cha karatasi cha kahawa ndicho chombo bora cha kugandishia, kwa sababu unakichana na kukitupa. Upana wa sentimita 6 unatosha. Toboa tundu katikati ya kitako, pitisha utambi, funga fundo kwa nje. Jaza siagi kijiko kimoja kimoja, ukikigonga kikombe mezani kila mara mapengo yazibe. Juu, funga utambi kwenye kijiti cha mishikaki kilicholala mdomoni mwa kikombe ili usimame wima. Weka kwenye friji saa tatu, au friza saa moja. Kisha kata fundo, chana karatasi, simamisha mshumaa, na upunguze utambi ubaki nusu sentimita. Ukiuacha mrefu, utapata moshi na masizi juu ya siagi.

Kuhusu ladha, viungo vikae nje ya mshumaa. Majani na kitunguu saumu vikichanganywa ndani huelea mpaka kwenye mwali, huungua, na siagi yote inakuwa chungu. Chumvi iliyoyeyuka kwenye yale maji huziba utambi. Tandaza kwenye karatasi kotmiri kavu iliyosagwa, pilipili manga na kitunguu saumu kilichokaangwa hadi rangi ya dhahabu, kisha viringisha mshumaa ukiwa baridi. Chumvi ya chenga na asali ziweke sahanini, siagi izikute huko. Kitunguu saumu kibichi kilichofunikwa na mafuta kisikae nje ya friji, kwani vijidudu vya botulismu, sumu kali ya chakula, hupenda mahali pasipo hewa.

Sahani iwe na kingo za sentimita mbili au zaidi. Njombe au Nairobi mwezi wa saba, ipashe moto kwanza, la sivyo siagi inaganda upya kabla mkate haujafika. Pwani shida ni kinyume chake: siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 32 hivi, na mchana wa Januari chumba chenyewe kinakaribia hapo. Mshumaa utoe kwenye friji wageni wakishaketi. Feni ya dari izimwe, maana upepo hulaza mwali upande mmoja, ubavu huo unatoboka na mshumaa unaanguka.

Washa, subiri kama dakika kumi. Mkate wa boflo uliokatwa na kubanikwa kidogo unafaa kuchovya, na mkate wa ufuta wa moto unafaa zaidi. Chovya pembeni, kwenye sahani. Siagi iliyo chini ya mwali inaunguza vidole. Kuuzima, ufunike kwa kikombe cha bati, usiupulize, maana pumzi hurusha siagi ya moto.

Kilichobaki, chomoa utambi, kata sehemu nyeusi uitupe, yeyusha na uchuje kwa kitambaa. Inapikia chapati vizuri sana.