Hana alikula kabla ya kujibiwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya shukrani, na andiko nilikuwa nimeshalichagua. Nimeliweka kando. Dada yangu anasubiri majibu ya vipimo, na tangu alipopimwa asiyelala ni mimi, yeye analala. Inafika saa tisa usiku niko macho, nimepiga magoti, naomba. Naanza vizuri, "Baba, katika jina la Yesu," halafu kabla sijafika mbali nakuta hesabu zimeshaingia: watoto wake wakae na nani, mama aambiwe nini na nani amwambie, hela ya matibabu itoke wapi, na yule daktari alinyamaza vile kwa sababu kuna jambo au alikuwa amechoka tu. Nikisema Amina nainuka nimechoka kuliko nilivyopiga magoti.

Nilipomwambia dada kwamba nakesha kwa ajili yake, alicheka. Akaniuliza, "Mdogo wangu, unaniombea, au unanihangaikia huku umefumba macho?"

Ninapoandika haya majibu bado hayajatoka, kwa hiyo msitarajie ushuhuda wa uponyaji huko chini. Ukija nitauleta, na vigelegele nitapiga mwenyewe. Kwa leo ninalo swali la dada tu, nalo limenipeleka kwa Hana.

Kisa cha Hana tunakijua tangu shule ya Jumapili, na labda ndiyo sababu tunakipita mbio. Tunaruka kutoka machozi ya Shilo, kule ilikokuwa nyumba ya Bwana, hadi mtoto Samweli, kana kwamba katikati hapana kitu. Lakini rudini kwenye 1 Samweli 1 mkasome taratibu. Mwanamke huyu hana mtoto. Mke mwenzake, Penina, anao, na anamchokoza makusudi, mwaka kwa mwaka, tena wakati wa safari ya kwenda kuabudu. Huo uchokozi wa njiani kwenda nyumbani kwa Bwana unauma kuliko wowote. Elkana mumewe anampenda na anamgawia zaidi, lakini anapojaribu kumfariji anasema maneno ya mwanamume asiyejua la kusema: je, mimi si bora kwako kuliko watoto kumi? Biblia haituambii kama Hana alimjibu. Inatuambia alikuwa akilia na hali chakula.

Kisha akaondoka akaenda kuomba. Aliomba kwa uchungu wa roho, akalia sana, akaweka nadhiri. Midomo ilicheza, sauti haikusikika. Kuhani Eli akadhani amelewa. Hana akajieleza kwa heshima, akasema ameimimina roho yake mbele za Bwana. Eli akamwambia aende kwa amani, na Mungu wa Israeli ampe haja yake.

Sasa angalieni mstari wa 18. Mwanamke akaenda zake, akala chakula, wala uso wake haukuwa na huzuni tena.

Wapendwa, akala! Kitu gani kilikuwa kimebadilika? Tumbo lilikuwa tupu vilevile. Penina alikuwa palepale kambini na ulimi wake uleule. Hakukuwa na malaika aliyemtokea kama alivyomtokea mke wa Manoa. Hata huyo Eli aliyemtamkia baraka hakuambiwa haja yenyewe ilikuwa nini. Someni vizuri, Hana hakumtajia. Alichokuwa nacho mkononi wakati anarudi mezani ni kile kile alichoondoka nacho. Na bado alikaa akala, na watu waliomtazama usoni wakaona tofauti.

Hapo ndipo nilipokaa wiki nzima, na sijamaliza kukaa. Mimi nilikuwa nimepanga kufurahi majibu yakishatoka. Wengi wetu tumepanga hivyo: nikipata kazi nitafurahi, nikiolewa, nikipata mtoto, deni likiisha, mwanangu akiacha pombe. Furaha tumeiweka upande wa pili wa jibu, na sala tumeifanya daraja la kuifikia. Ndiyo maana siku zinapokwenda bila jibu tunaona sala haifanyi kazi, tunapunguza, tunaacha. Hana aliikuta furaha upande huu wa jibu. Aliikuta palepale alipolia.

Na siri yake, kadiri ninavyoiona, iko kwenye lile neno alilomwambia Eli: nimeimimina roho yangu. Kilichomiminwa hakibaki ndani ya chombo. Mimi usiku nilikuwa nampa Bwana mzigo huku nimeushika mpini, tukivutana. Daudi naye anatuhimiza katika Zaburi 62 tuifunue mioyo yetu mbele zake, maana Mungu ndiye kimbilio letu. Petro anasema tumtwike yeye fadhaa zetu zote. Zote, hata zile ndogo za hela na za nani atalala na watoto, ambazo tunaona haya kuzitaja kwenye maombi kwa sababu hazina sauti ya kiroho. Tajeni hizo hizo. Mungu anayehesabu nywele za kichwa hatashangaa ukimtajia karo.

Paulo naye yupo hapa, nitamgusa tu. Mnajua kwamba "Furahini katika Bwana sikuzote" iliandikwa na mtu aliyefungwa. Mnajua pia kwamba waliosomewa maneno hayo kwanza ni watu wa Filipi, mji ambao yeye na Sila walichapwa bakora, wakatiwa miguu kwenye mkatale, na usiku wa manane wakaomba na kuimba mpaka wafungwa wengine wakawasikiliza. Kama yule mlinzi wa gereza alikuwa bado mshirika pale barua ilipofika, nadhani hakuhitaji mhubiri wa kumfafanulia. Na angalieni mpangilio wa Wafilipi 4: haja zijulikane na Mungu, pamoja na kushukuru, kisha amani ipitayo akili zote ihifadhi mioyo. Kilichoahidiwa hapo mara moja ni amani. Jibu la haja yenyewe Paulo hakulipangia siku.

Nirudi kwa Hana, maana kuna jambo ambalo mpaka wiki hii sikuwahi kuliona, na limenitoa machozi.

Wimbo wake, ule wa sura ya pili, "Moyo wangu wamshangilia Bwana," aliuimba lini? Nilizoea kuusikia kama wimbo wa uzazi, wimbo wa mama aliyepakata mtoto wake hatimaye. Sivyo ulivyopangwa. Samweli alizaliwa, akanyonyeshwa, akaachishwa ziwa, kisha mama yake akampandisha Shilo pamoja na sadaka, akamkabidhi kwa Eli akae huko. Ndipo akaimba. Siku anaacha mtoto, siku anarudi nyumbani mikono mitupu, ndiyo siku aliyoimba wimbo ambao mwangwi wake tunausikia hata katika maneno ya Mariamu, mama wa Bwana wetu. Baadaye alimshonea mtoto kanzu ndogo, akampelekea mwaka kwa mwaka, na Bwana akampa wana watatu na binti wawili. Lakini hao wote hawakuwapo siku ya wimbo. Siku ya wimbo alikuwa ametoa mwana wa pekee aliyekuwa naye.

Kwa hiyo mama huyu aliinuka na uso mkunjufu kabla hajapokea, na akaimba alipokuwa anarudisha. Furaha yake ilikuwa na makao yasiyohamishwa na kuja kwa Samweli wala kuondoka kwake. Ilikaa kwa Bwana. Mtu wa namna hiyo utamnyang'anya nini? Ndiyo furaha ambayo Yesu aliwaahidi wanafunzi usiku ule wa kuamkia msalaba, akasema hakuna atakayewaondolea. Habakuki aliijua: mtini usichanue, mizabibu isizae, zizi libaki bila kundi, walakini nitamfurahia Bwana. Hakusema atafurahia zizi tupu. Msomaji wa Biblia asimsingizie nabii. Zizi tupu ni msiba. Alisema atamfurahia Bwana, na Bwana hakuwa ameondoka pamoja na kundi.

Kama uko mahali hapo leo, ndugu yangu, nakusihi usisubiri. Usiiahirishe furaha yako mpaka simu ya daktari, mpaka barua ya kazi. Nenda mbele za Mungu ukamimine, ukae hapo mpaka umemaliza, ulie kama kuna kulia, kisha inuka ukale. Na mzigo ukikurudia baada ya saa moja, nao utarudi, nenda tena. Hakuna mahali tumeambiwa ni mara moja tu. Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane aliomba mara tatu kwa maneno yale yale. Usijihukumu kwamba huna imani kwa sababu jana ulimkabidhi na leo unahangaika. Mkabidhi na leo. Imani haipimwi kwa kutotetemeka. Mtu anaweza kutetemeka huku amemshika Mungu, na aliyeshikwa ndiye asiyeyumba.

Hapa sasa niseme na sisi tulio kanisani, na mnivumilie, maana nina neno lisilo tamu.

Eli alikuwa ameketi kwenye kiti chake penye mwimo wa hekalu. Alikuwa kazini, mtumishi wa Mungu, na mtu mwenye uchungu kuliko wote mle ndani akamwona mlevi. Tumekaa wengi kwenye kiti hicho. Mtu amefiwa, wiki mbili hazijapita tunamwambia achangamke, mtu aliyeokoka haombolezi hivyo. Yesu alilia machozi akielekea kaburini kwa Lazaro, akijua fika kwamba dakika chache zijazo atamfufua! Mwingine ana sonona, hawezi kuinuka kitandani, sisi tunamkemea pepo wa huzuni na kumwuliza ana dhambi gani ambayo hajaitubu. Mwambieni aombe, ndiyo, na mwombeeni, na mpelekeni kwa daktari pia, maana Luka aliyezunguka na Paulo alikuwa tabibu na Paulo alimwita mpendwa. Furaha ni tunda la Roho. Tunda halikomai kwa kufokewa. Tukiwalazimisha watu watabasamu ibadani tutapata ibada iliyojaa meno na mioyo iliyofungwa, na wenye uchungu watajifunza kulia mahali pengine tusipowaona.

Eli ana jambo moja la kumsifia: alipoelezwa, alibadilisha maneno palepale. Hakutetea heshima ya kiti. Aliyeanza kwa kulaumu alimaliza kwa kubariki. Wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa vikundi, tuige hapo.

Na lingine, kwa kifupi. Mtu akituma ujumbe kwamba anapita pagumu, tunajibu "tunakuombea" na vile vikono viwili vya kwenye simu, kisha tunaendelea na shughuli. Umeomba lini? Kama umeandika, simama hapo ulipo, taja jina lake mbele za Bwana, dakika moja inatosha, ndipo utume. Au mpigie mwombe wote kwenye simu. Mama mmoja wa kikundi chetu alinipigia juzi usiku, hakuuliza habari, alisema tu, "Mwanangu, niko magotini, taja unalotaka nimwambie." Nilitaja. Akaliomba vilevile nilivyolitaja, bila kulipamba, akaniambia nilale, akakata. Nililala mpaka kukapambazuka.

Kwa wiki hii, someni sura mbili za kwanza za 1 Samweli, mkiweza kwa sauti. Kwa wale ambao wimbo wa Hana bado uko mbali, chukueni Zaburi 13, ina mistari sita tu. Inaanza kwa kumwuliza Bwana "hata lini" mara nne, na inaishia kwa kuimba, na hatuambiwi kwamba katikati adui aliondoka. Na kama hata wimbo wa mwisho wa hiyo uko mbali nawe kwa sasa, iko Zaburi 88. Hiyo inaishia gizani kabisa, haina mstari wa kufarijia mwishoni, ila mwanzoni kabisa inamwita Mungu "Mungu wa wokovu wangu". Mungu aliiruhusu ikae katika kitabu chake pamoja na zaburi za matari na vinubi, nasi tunaweza kuisoma mbele zake bila kuibadilisha. Ukianza kuisoma ukashindwa kuendelea, mpigie mwenzako akusomee iliyobaki.