Piza na Moto Wake

Kwa muda mrefu niliamini kwamba piza ya mji mmoja hutofautiana na ya mji mwingine kwa vitu vinavyotandazwa juu yake. Dhana hiyo iliniponyoka siku nilipofuata kanuni ya Napoli bila kuongeza wala kupunguza, yaani unga, maji, chumvi na hamira basi, kisha nikaoka katika oveni ya nyumbani isiyopita nyuzi joto 250. Baada ya dakika kumi na mbili nilitoa kitu kilichopauka, kigumu pembeni kama mkate uliolala, huku jibini ikielea katika maji yake yenyewe. Unga haukuwa na kosa lolote. Moto ndio uliopungua.

Tanuri la kuni la Napoli hufikia nyuzi zinazokaribia 480, na piza huiva humo kwa sekunde 60 hadi 90 tu. Kwa joto hilo, maji yaliyomo katika unga hugeuka mvuke kwa ghafla na kuuinua ukingo, madoa meusi hujitokeza juu yake, na katikati hubaki laini kiasi kwamba kipande hulegea mkononi. Mlaji aliyezoea piza kavu huweza kudhani ameletewa isiyoiva, lakini ulaini huo ndio unaotafutwa. Chama cha Associazione Verace Pizza Napoletana, kilichoanzishwa mwaka 1984 kulinda piza halisi ya Napoli, hutaka piza isizidi kipenyo cha sentimita 35 na unga utanuliwe kwa mikono, kwa kuwa kifimbo cha kusukumia unga hufukuza hewa inayopaswa kubaki ukingoni. Roma, ambako si mbali, kifimbo hicho hicho hutumika bila haya, kwa sababu huko piza ya duara hupendwa ikiwa nyembamba na yenye kukatika kwa mlio.

Wahamiaji wa Kiitalia walipofika New York, ambako duka la Lombardi's lilianza kuuza piza mwaka 1905, walitumia matanuri ya makaa ya mawe. Baadaye oveni za gesi zilienea, na joto likashuka. Hapo ndipo nilipopata jibu la kosa langu: unga wa New York kwa kawaida hutiwa mafuta na sukari kidogo, na sukari hiyo huusaidia kupata rangi ya kahawia kwa moto mdogo, ilhali katika tanuri la Napoli ingeungua kabla piza haijaiva. Jibini nayo huwa ni mozzarella iliyopunguzwa maji, maana ile mbichi, ikikaa motoni kwa dakika nyingi, hutiririka.

Chicago hufanya jambo linaloonekana la kinyume, jibini chini na nyanya juu, katika chombo chenye kina kirefu. Mtindo huo, unaohusishwa na Pizzeria Uno iliyofunguliwa mwaka 1943, huchukua nusu saa au zaidi motoni, na jibini iliyoachwa wazi kwa muda huo ingeungua. Wanaoibeza kwamba si piza hawajajiuliza sababu ya mpangilio huo. Isitoshe, wenyeji wengi wa Chicago hula zaidi piza nyembamba inayokatwa vipande vya mraba.

Piza ninayoipenda kuliko zote ni ya Detroit, iliyoanza mwaka 1946 katika mgahawa uliokuja kujulikana kama Buddy's, na ambayo husimuliwa kwamba ilipikwa katika trei za chuma za viwanda vya magari. Jibini husambazwa hadi iguse kuta za trei, ikaangike pale na kugeuka gamba. Oveni yangu dhaifu huimudu kazi hiyo vizuri. Wiki iliyopita nilipitisha kisu pembeni mwa trei, gamba likaachia kwa mlio mkavu, na chini yake unga ulikuwa umeumuka kama sponji, wenye rangi ya kahawia pande zote.