Sufuria zangu zilivuka ziwa kuufuata umeme

Leo nimepita Geita, nikatazama juu zile nyaya za kilovolti 220 zinazotoka Bulyanhulu, machozi yakanilengalenga. Chini ya minara ile nilipika mimi.

Nilikuwa na kibanda Buhongwa, Mwanza. Kaka yangu akapata kibarua cha kufyeka mkuza, yaani njia ya kupitishia nyaya zile, akanipigia: "Dada, watu huku wanashindia mihogo mibichi, njoo." Nikavuka Busisi kwa kivuko, daraja lilikuwa bado, na sufuria mbili na gunia la mkaa.

Saa kumi alfajiri moto unawaka. Wanaanza wachimba misingi. Wa mwisho ni wapanda minara, mikanda bado kiunoni, viganja vyeusi kwa grisi, wanaomba maji ya moto ya kunawa. Wali maharage, siku ya malipo, sato. Wenye malori ya mchanga na kokoto, bodaboda, walinzi wa vyuma, wenye vyumba vya kupangisha, wote tulipata.

Ila jamani, andikishianeni! Mkandarasi mdogo mmoja alinilia chakula cha wiki tatu bila kulipa. Daftari lilijaa saini za vijana wake, yeye hakusaini popote. Iliniuma sana, mchele nilikuwa nimekopa. Waliofuata nilidai karatasi yenye saini na mhuri kabla ya kuinjika sufuria, na walilipa.

Mwenye mdogo wake aliyesomea umeme VETA amwambie: ukisikia mradi, wahi ofisi ya kijiji na vyeti mkononi. Kwetu majina yaliandikwa pale.