Tulivyoliondoa neno "mbalimbali" kwenye bajeti ya kaunti

Mtaro wa kichochoro chetu una urefu wa mita 187. Nimeupima mwenyewe mara mbili. Nayaandika haya kwa kuwa juzi mteja alikuja kuchukua dera lake, akauona mtaro mpya, akaniuliza kwa sauti ya chini tulimhonga nani. Iliniuma. Hatukumhonga mtu. Tulichofanya ni kuondoa neno moja kwenye kitabu cha makadirio ya bajeti tukatia jina la mahali petu, na kazi hiyo ilituchukua mwaka na nusu hivi.

Mimi ni fundi cherehani, huku Pwani ya Kenya. Chumba changu cha kazi kiko bondeni kabisa, pale maji ya mitaa mitatu ya juu yanapokutana yakitafuta njia ya baharini. Mtaro wa zamani ulikuwepo, wa enzi za manispaa kabla kaunti hazijaanza 2013, ila ulikuwa umejaa mchanga na chupa za plastiki hata paka alipita juu yake bila kulowa miguu. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 ziliponyesha, maji yaliingia usiku tukiwa tumelala. Niliamshwa na harufu, maana vyoo vya shimo vilikuwa vimefurika. Cherehani yangu ya kanyagio nilikuta imesimama ndani ya maji, na mfuko wa nguo za harusi za watu umekaa sakafuni umelowa chepechepe. Nguo zile nilizilipa mpaka Ramadhani.

Ushauri niliopewa baada ya hapo, hata leo nikiukumbuka damu inanichemka. Mmoja alisema tufunge barabara tuchome matairi. Mwingine, tena mtu mzima mwenye heshima zake, akasema bila "mtu wako ndani" hupati kitu, nimtafute binamu wa karani. Wa tatu akanihimiza nimtumie mwakilishi wadi picha kila asubuhi mpaka achoke. Nilimtumia siku sita. Siku ya saba simu yangu ilikuwa haipokelewi tena.

Februari kukatangazwa kikao cha maoni ya wananchi kuhusu mpango wa matumizi ya kaunti. Nilijipiga pasi, nikafunga chumba, nikaenda. Ukumbi ulijaa. Kila mtu alipewa dakika mbili, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya miezi miwili. Nilisema taa hakuna, mtaro umeziba, takataka haziji kuchukuliwa, choo cha soko hakina mlango, vijana wanaibia watu, sekondari haina walimu, na barabara kubwa ina mashimo. Nilipomaliza ukumbi mzima ulipiga makofi, mama mmoja akanikumbatia. Nilirudi nyumbani kifua mbele nikimwambia kila jirani kwamba tumesikika.

Hatukusikika. Mwezi wa tatu niliandika barua kwa mkono kuomba nakala ya ripoti ya kikao kile. Haki ya kupewa taarifa iko kwenye Katiba, ibara ya 35, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Hilo nililipata kwa kijana wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, anayenipigia nakala; anasomea sheria. Siku ya ishirini nikaenda nayo mkononi nikiwakumbusha, wakanipa. Kikao chote cha saa nne kilikuwa kurasa mbili. Eneo letu lilikuwa na mstari mmoja: wananchi waliomba kuboreshewa huduma. Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ile nikausoma mara tatu nikitafuta maji yaliyoingia chumbani kwangu. Hayakuwemo.

Lakini nilipotulia nikaona kwamba aliyeandika hakuwa na la kuandika. Nilikuwa nimemtupia mambo saba, na matatu kati ya hayo si ya kaunti kabisa. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi: polisi na shule za sekondari ziko kwa serikali ya kitaifa, kaunti ina chekechea, masoko, takataka, taa za barabarani, barabara za kaunti na maji ya mvua mijini. Ile barabara kubwa yenye mashimo nayo iko chini ya mamlaka ya kitaifa ya barabara za mijini. Kama mna jambo lenu, kaeni kwanza na jedwali hilo. Litawaokoa na makofi ya bure.

Kisha nikalipia kurasa za barabara na mitaro peke yake kwenye kitabu cha makadirio, maana chote ni kurasa mamia, tena kwa Kiingereza. Kijana wa saiba akanitafsiria mstari kwa mstari. Tulipofika kwenye mitaro, tukakuta pesa zimo! Milioni kumi na kitu. Mahali pa kutumika: "wadi mbalimbali". Niliuliza, mbalimbali ni wapi? Akaniambia ni popote. Anayejua kuomba ndiye anayejengewa, na ikifika Juni, mwisho wa mwaka wa bajeti, hazijatumika, hakuna mtaa unaoweza kusema zilikuwa zake. Kuanzia siku ile sikutafuta pesa mpya. Pesa zilikuwepo, zilikosa anwani.

Sasa nilihitaji kuthibitisha kama mtaa mzima unataka mtaro, na hapo ndipo nilipokwama. Nilichukua daftari nikapita mlango kwa mlango kuuliza watu wanataka kaunti itumie pesa kwa nini. Siku mbili nzima. Wengine walidhani naandikisha watu wa kura. Wengine wakauliza nimetumwa na mheshimiwa gani na chai yao iko wapi. Waliojibu wote walisema shida ni nyingi. Nilikuwa na majina thelathini na moja na thelathini na moja "shida ni nyingi".

Aliyenifungua macho ni mama anayeuza mahamri na mbaazi kwenye njia panda. Alisema, "Mwanangu, wewe wawafuata watu wamelala. Watu wote wapita hapa kwangu. Lakini mtu ana mahamri mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, kalamu ataishika na nini?" Akasema nitafute kitu cha kutumbukiza. Maharagwe, nikamwambia. Akacheka: maharagwe kila nyumba inayo, watajaziana.

Nikaenda kwa wazee wa bao chini ya mkwaju. "Shikamoo wazee wangu." "Marahaba, fundi." Nikawaomba komwe zao, zile mbegu wanazochezea. Kimya. Mzee mmoja akaniambia komwe zake amezichuma mwenyewe kwenye miiba ya ufukweni kabla mimi sijazaliwa. Nikaeleza. Wakashauriana mchezo mzima mpaka ukaisha, halafu wakanipa seti tatu, kila seti komwe 64, kwa sharti kwamba mmoja wao atakaa pale pale asubuhi zote kuzilinda. Hilo likawa jambo bora kuliko yote, kwa kuwa hakuna mtu katika mtaa wetu anayeweza kumchezea rafu mzee yule.

Nilikusanya mikebe mitano ya maziwa ya unga, nikatoboa vifuniko, nikaishonea kila mmoja kanzu yake: bluu kwa mtaro, njano kwa taa, nyeusi kwa takataka, nyeupe kwa choo cha soko, nyekundu kwa chekechea. Mambo ya kaunti matupu. Hata asiyejua kusoma hakupotea. Kila mtu mzima alipewa komwe tatu: zote mkebe mmoja ukitaka, au uzigawe. Komwe ni ngumu, uso wake laini, za kijivu, zinateleza vidoleni, na ikianguka mkebeni inalia. Watu walipenda ule mlio. Niliona baba mmoja, bawabu anayetoka zamu ya usiku, amesimama na komwe yake ya mwisho pengine dakika nzima, njano, bluu, njano, kisha akaitia bluu akaondoka bila kununua kitu.

Komwe 192 zinatosha watu 64. Zikiisha tunafungua mikebe mbele ya watu, mzee anahesabu kwa sauti, naandika, tunaanza upya. Asubuhi ya pili kijana mmoja aliyetaka taa mbele ya kibanda chake alitumbukiza kokoto kiganja kizima kwenye mkebe wa njano. Mzee alizipanga kokoto moja moja juu ya meza ya mahamri, zikafika arobaini, akauliza tu ni za nani. Hakuna aliyerudia.

Asubuhi nne, watu 411. Mtaro komwe 538, taa 297, takataka 236, choo cha soko 104, chekechea 58. Naapa nilidhani taa zitashinda, maana ndizo zinazolalamikiwa kila siku. Nilipomuuliza mama wa mahamri alisema kizani mtu atembea na tochi, lakini maji ya choo yakiingia chini ya kitanda cha mtoto tochi itafanya nini. Kama ningeandika maoni ya mtaa kutoka kichwani mwangu, ningeomba taa.

Kupima ndiko nilikokufurahia zaidi. Urefu wa mtaro tulipima kwa utepe wa mita hamsini wa fundi ujenzi. Alama za maji ukutani nilizipima kwa utepe wangu wa nguo, ule ule unaonilalia shingoni, nyumba ishirini na tatu: inchi 9, inchi 14, kwa mjane wa mwisho kabisa inchi 22. Nilishika utepe ukutani, jirani akapiga picha, na tarakimu zinasomeka. Picha ndizo zilizokula pesa. Zote kwa jumla, na nakala na tuktuk, pengine elfu mbili na nusu, tulichangishana.

Waraka wetu ulikuwa ukurasa mmoja na nusu: ukurasa wa kitabu cha makadirio, mstari, kiasi kilichopo, jedwali la komwe, vipimo, na ombi moja. Tuliupeleka mwisho wa Agosti, kwa kuwa Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti lazima ufike kwenye bunge la kaunti ifikapo Septemba 1, na kisichokuwa humo ni vigumu kuingia baadaye. Pelekeni nakala mbili, yenu igongwe muhuri wa kupokewa. Kijana wa mapokezi alitaka tuurudishe kwa Kiingereza. Nilimwambia kwa upole kwamba ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya Jamhuri. Aliinama akagonga muhuri.

Aprili makadirio mapya yakatoka. Bado "wadi mbalimbali". Majirani wawili walikata tamaa siku hiyo, na mimi nililala nikitazama dari. Lakini kamati ya bajeti ya bunge la kaunti husikiliza wananchi kabla ya kupitisha, na Mei tulikwenda watu kumi na wawili, mzee wa komwe akiwa mbele na kofia yake ya vito. Usiende peke yako, na wahi jina lako liandikwe mapema, maana kufikia saa saba wajumbe wamechoka.

Nilipewa dakika mbili zile zile. Nikasema, "Waheshimiwa, naomba tufungue ukurasa wa mitaro," nikautaja. Nikanyamaza. Nikasikia karatasi zinafunguliwa ukumbini, mmoja baada ya mwingine. Mjumbe mmoja akaniuliza pesa za kuongeza zitoke wapi. Nikamjibu hatuombi hata shilingi ya kuongeza, tunaomba mbele ya sehemu ya pesa hizi pale paandikwe jina la mtaa wetu na mita 187. Akasoma mstari ule tena, akamgeukia afisa wa barabara: hii mbalimbali ni wapi? Afisa alisema orodha ingefuata. Mwenyekiti akaagiza iletwe kabla ya kupigiwa kura. Watu wa mitaa mingine waliokuwa ukumbini wakaanza kufunua vitabu vyao.

Mwisho wa Juni bajeti ikapita, na jina letu limo, kama milioni nne na ushee. Niliufunga ukurasa ule kwenye plastiki. Mkandarasi alikuja baada ya miezi saba, akasimama miezi miwili akisema hajalipwa, akarudi, akatangaza amemaliza. Tukapima: mita 140. Tulimwonyesha mwakilishi wadi kitabu cha bajeti na utepe, naye safari hii alikuja mwenyewe, akasimama pale mpaka mita 47 zilizobaki zikachimbwa.

Masika ya mwaka huu nilikaa macho usiku wa mvua ya kwanza kubwa, nguo zote nimezitundika juu ya misumari. Nilisikia maji yanapita mtaroni, kwa kasi, yanagonga zege. Alfajiri nilizunguka na utepe nyumba zote ishirini na tatu. Kwa mjane wa mwisho sakafu ilikuwa kavu, naye alikuwa ameshaanza kupaka ukuta chokaa juu ya ile alama ya inchi 22.

Komwe za wazee nilizirudisha zikiwa zimepungua mbili, nikaenda ufukweni mwenyewe kuzichuma, na miiba yake si mchezo. Agosti nimeziomba tena. Mkebe wa njano nimeushonea kanzu mpya.